Askofu Edward Steere na Kiswahili cha Unguja

Si rahisi kuchunguza historia ya sarufi ya Kiswahili bila ya kukutana na jina la Edward Steere, askofu wa tatu wa Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati, iliyojulikana kwa kifupi kama UMCA. Hata hivyo jina hilo aghalabu hutajwa kwa njia mbili zisizokutana. Waandishi wa historia ya Kanisa humsifu kwa ajili ya kanisa kuu alilolijenga Mkunazini, mjini Unguja, mahali palipokuwa soko la watumwa. Wanaisimu nao hutaja vitabu vyake viwili vya mwaka 1870, kisha wakampita upesi ili wafike kwa akina Meinhof na Ashton. Makala haya yanakusudia kuyaweka mambo hayo mawili pamoja, kwa kuwa askofu huyu hakuwa na lugha ya kazini na lugha ya utafiti. Aliyoyaamua kuhusu Kiswahili aliyaamua kwa haja ya misheni ndogo iliyojaa watoto waliotekwa kutoka bara, na mengi katika hayo yangalimo katika Kiswahili sanifu kinachofundishwa leo Nairobi, Dar es Salaam na kwingineko.

Steere alizaliwa London mwaka 1828. Alisoma katika Chuo Kikuu cha London akapata shahada za fani na sheria, na mwaka 1850 akakubaliwa kuwa wakili. Sheria hakuifanya kwa muda mrefu. Alipata ushemasi mwaka 1856 na ukasisi mwaka 1858, akahudumu katika mitaa midogo ya mashambani, hasa katika jimbo la Lincolnshire. Katika miaka hiyo alihariri pia maandishi ya Joseph Butler, askofu na mwanafalsafa wa karne ya kumi na nane. Yafaa jambo hili likumbukwe, kwa sababu mara nyingi mmishenari wa zama zile huchorwa kama mtu wa bidii nyingi na elimu chache. Steere alikuwa mwanasheria aliyezoea kupanga hoja na mhariri aliyezoea kusahihisha matini, na tabia hizo mbili zaonekana katika kila ukurasa alioandika juu ya Kiswahili.

Misheni aliyoingia ilizaliwa na hotuba ya David Livingstone aliyoitoa Cambridge mwezi Desemba 1857. Askofu wake wa kwanza, Charles Mackenzie, aliweka makao Magomero, katika nyanda za juu za mto Shire, akafa kwa homa mwezi Januari 1862. Mahali pake pakachukuliwa na William Tozer, aliyekuwa kasisi wa mtaa wa jirani na rafiki wa Steere. Steere alijitolea kumsindikiza rafiki yake kwa muda mfupi tu. Muda huo mfupi ukawa sehemu kubwa ya maisha yake yaliyosalia. Walifika eneo la Shire mwaka 1863 wakakuta nchi iliyoharibiwa na njaa, vita na biashara ya watumwa. Mlima Morambala waliojaribu kukaa haukufaa. Mwaka 1864 Tozer akaamua kuihamishia misheni Unguja, uamuzi uliomkasirisha sana Livingstone, ambaye aliuona kuwa ni kukimbia.

Kwa mtazamo wa historia ya Kiswahili, hasira ya Livingstone yaeleweka, lakini Tozer ndiye aliyeona mbali. Unguja ilikuwa njia panda ya misafara yote iliyokwenda Unyamwezi, Ujiji, Manyema na Nyasa. Lugha ya mji ule ilikuwa imekwisha kutangulia mahali ambapo hakuna mmishenari aliyepata kufika. Laiti misheni ingalibaki Shire, Steere angaliandika sarufi ya Kinyanja au Kiyao, na sarufi ya Kiunguja ingalimngoja mtu mwingine, pengine afisa wa serikali, pengine mtu asiyejali hadithi.

Muda mfupi baada ya kufika kwao, Sultani Majid aliwapa wavulana watano waliokamatwa katika jahazi la watumwa. Hao ndio wanafunzi wa kwanza wa misheni. Wengine waliongezeka kila mara manowari za Kiingereza ziliponasa majahazi. Watoto hao hawakuwa Waswahili: walikuwa Wayao, Wanyasa, Wamakua, Wagindo na wengineo, wala hawakuwa na lugha moja ya kuwaunganisha ila hiyo waliyoikuta Unguja. Hivyo Kiswahili cha misheni kilikuwa tangu mwanzo lugha ya watu waliojifunza ukubwani au utotoni kwa lazima, si lugha ya wenyeji wa mji. Mwalimu na mwanafunzi walijifunza kwa pamoja. Kutoka kwa vijana hao hao Steere alikusanya misamiati midogo ya Kishambala, Kinyamwezi, Kiyao na Kimakonde, iliyochapishwa kwa nyakati mbalimbali. Misheni ilikuwa na mtambo wa chapa, na vijana wakafundishwa kupanga herufi. Vikaratasi vya zoezi na orodha za maneno vilipigwa chapa, vikatumiwa darasani, vikasahihishwa, vikapigwa tena. Sarufi ya 1870 ilipikwa katika chungu hicho kwa miaka kadhaa kabla ya kupakuliwa London.

Lakini ni Kiswahili cha nani kilichopasa kuandikwa? Swali hili, ambalo wataalamu wa usanifishaji wamelijadili kwa vizazi, Steere alilikabili mapema, na jibu lake limo katika kisa kimoja alichokieleza mwenyewe katika dibaji ya sarufi yake. Sheikh Abdulaziz, mwanazuoni wa Unguja, alijitolea kumtafsiria Zaburi kutoka Kiarabu hadi Kiswahili kilicho bora na safi kabisa. Kazi ilianza. Baada ya muda Steere aliona kwamba Sheikh ana shughuli nyingi, na zaidi ya hayo lugha yake ilikuwa ya kitaalamu mno isiweze kufaa kwa kusudi la misheni. Tafsiri ilikoma katika Zaburi ya kumi na sita.

Kisa hiki chastahili kutafakariwa kuliko kinavyofanyiwa kwa kawaida. Kwanza, chaonyesha hali ya mji wenyewe: mwanazuoni wa Kiislamu anamsaidia padri wa Kikristo kutafsiri kitabu ambacho kwa Waislamu nacho ni Zaburi ya nabii Daudi, wala hakuna aliyeona kwamba amepotoka. Pili, chaonyesha kwamba palikuwapo Kiswahili cha maandishi cha daraja ya juu, chenye wenyewe na chenye kanuni zake, kabla ya mzungu yeyote kushika kalamu. Steere hakukikosa kwa kutokijua. Alikiona, akakipima, akakiweka kando. Alichokichagua badala yake ni lugha ya kati: si ya wanazuoni wala ya wageni wa bandarini, bali ile ambayo msikilizaji wa kawaida wa Unguja angeifuata bila ya shida. Kwa mtu aliyekuwa na watoto wa Kiyao mbele yake, uchaguzi huo ulikuwa na maana. Hasara yake ilikuja baadaye, wakati lugha hiyo ya kati ilipokuja kuchukuliwa kuwa ndiyo Kiswahili chote, na daraja ya Sheikh Abdulaziz ikahesabiwa kuwa ushairi tu au Uarabu tu.

Sarufi yenyewe, iliyotoka 1870 na kuchapishwa mara nyingi baadaye, yatangaza katika jina lake kwamba ni ya Kiswahili kama kisemwavyo Unguja. Ni kitabu cha mkononi kweli kweli, cha mtu anayetaka kusema kesho. Majina yamegawanywa katika ngeli nane, kila ngeli ikichukua umoja na wingi pamoja: majina ya mtu na watu, ya mti na miti, yale yasiyobadilika katika wingi, ya kitu na vitu, ya wingi wa ma-, ya u-, kisha ngeli ya saba yenye neno moja tu, mahali, na ya nane ya vitenzi-jina. Wapo waliocheka ngeli ya neno moja. Kicheko hicho si cha haki. Steere alitambua kwamba ngeli haitokani na wingi wa maneno bali na upatanisho, na kwa kuwa mahali palidai pa- yake popote katika sentensi, neno hilo lilistahili nyumba yake hata kama litakaa humo peke yake. Alitambua pia kwamba jina la kiumbe chenye uhai laweza kuwa na umbo la ngeli moja na kufuata upatanisho wa nyingine.

Tofauti na Bleek, aliyehesabu umoja na wingi kila kimoja mbali, na ambaye njia yake ndiyo iliyofuatwa na Meinhof na wataalamu wa lugha za Kibantu kwa jumla, Steere alihesabu jozi. Mwanaisimu linganishi hatafaidika sana na hesabu hiyo. Mwalimu wa shule atafaidika. Mpangilio wa A-WA, U-I, LI-YA na wenziwe, unaotumika sasa katika shule za Kenya, umeacha viambishi vya majina na kushika vya upatanisho, lakini kwa kuhesabu jozi umekaa upande wa Steere.

Katika tahajia, kanuni yake ilikuwa irabu zisomwe kama za Kiitaliano na konsonanti kama za Kiingereza. Hapo aliachana na Krapf, ambaye maandishi yake yalibeba mazoea ya Kijerumani. Tahajia ya leo yatokana na kanuni hiyo kwa kiasi kikubwa, ingawa si katika kila jambo. Sauti ya mwanzo wa neno dhahabu na ile ya mwanzo wa neno thelathini Steere aliziandika kwa th moja, ndiyo maana katika matini zake msomaji hukuta thahabu na fetha. Sikio lake halikuwa zito. Alisikia kwamba wasemaji wazuri wa Kiswahili hutamka p, t na k zenye mpumuo katika baadhi ya maneno, na kwamba paa wa porini na paa la nyumba hawatamkwi sawasawa. Jambo hilo tahajia sanifu imelipuuza moja kwa moja, na wanafunzi wengi wa vyuo vikuu hulisikia kwa mara ya kwanza katika somo la fonolojia, kana kwamba limegunduliwa jana.

Sehemu ya kitabu isiyosomwa sana ndiyo yenye utamu. Mwishoni Steere aliweka mifano ya kinyume, yaani ule mchezo wa kusema kwa siri kwa kuihamisha silabi ya mwisho ya neno na kuitanguliza mbele, hivi kwamba kitabu huwa bukita. Aliweka mifano ya barua zinavyoandikwa kwa adabu za Kiswahili, na maelezo ya fedha, mizani na vipimo vya Unguja. Hakuna haja ya misheni iliyomlazimisha kuandika kinyume. Ni dalili ya mtu aliyekaa na vijana akawasikiliza wakicheza, akaona kwamba mchezo wao nao una sarufi: anayeweza kuihamisha silabi ya mwisho bila ya kukosea ameshaijua silabi ni nini.

Kitabu cha pili cha mwaka huo huo ni mkusanyo wa hadithi kama zilivyosimuliwa na wenyeji wa Unguja, Kiswahili upande mmoja na Kiingereza upande wa pili. Humo mna Kisa cha Punda wa Dobi, Mwalimu Goso, Sultani Darai, Sultani Majinuni, Hasibu Karim ad-Din na Mfalme wa Nyoka, na Hadithi ya Liongo. Asili zake ni za namna nyingi. Nyingine zimevuka bahari kutoka Uarabuni, Uajemi na Bara Hindi. Nyingine, kama za sungura na simba, ni za bara. Ile ya Liongo ni ya pwani ya kaskazini, na ilikuwa Steere aliyeifikisha mara ya kwanza kwa wasomaji wa mbali katika chapa. Steere hakuzitakasa kwa kuondoa kila lililokuwa la Kiislamu, wala hakuzigeuza kuwa mafunzo ya Kikristo. Aliziacha ziseme.

Sultani Darai ndiyo ndefu na ndiyo nzito kuliko zote. Maskini afukuaye jaani anampata paa. Paa anamfanya kuwa tajiri, anamwoza binti wa sultani, anamuua nyoka na kumpatia bwana wake jumba. Paa anapougua, bwana anamdharau, anaamuru apewe chakula cha ovyo, na anapokufa anamtupa kisimani. Asubuhi bwana anaamka akijikuta jaani kama zamani, akichakura mavumbi. Hadithi hii ilisimuliwa katika mji ambamo kila mtu aliyekuwa na kitu alikuwa na mtu wa kumtumikia. Mhakiki anayeitazama kama ngano ya wanyama tu amekwisha kuikosa. Utumishi na utovu wa shukrani ndio uti wa mgongo wake, na haikuwa bure kwamba nyumba iliyojaa watoto waliokombolewa ndiyo iliyoihifadhi.

Steere aliwataja katika dibaji baadhi ya wasimuliaji wake, miongoni mwao Hamisi wa Kayi, Munyi Khatibu na Masazo, na hakuficha kwamba Kiswahili chao hakikuwa cha daraja moja. Kwa desturi za karne ile, uaminifu huo si haba. Yasikitisha kuwa waliokuja baada yake hawakuufuata. Hadithi zimeendelea kuitwa za Steere, jambo ambalo yeye mwenyewe hakulidai: jina la kitabu chake lasema wazi kwamba zilisimuliwa na wenyeji. Mwanafunzi wa fasihi simulizi anayenukuu mkusanyo huu leo hana udhuru wa kumtaja askofu na kumwacha Hamisi wa Kayi, hali jina hilo limechapwa kurasa chache tu nyuma ya hadithi anayoinukuu.

Kuhusu hati, hukumu ya Steere ilikuwa kali zaidi. Kiswahili kilikuwa kikiandikwa kwa herufi za Kiarabu tangu zamani, naye alizifunza na kuzieleza. Lakini alishikilia kwamba msomaji wa hati hiyo hana budi kukisia kwanza neno linalokusudiwa ndipo aweze kulisoma. Hoja hii ina ukweli kwa hati ambayo haikuongezewa alama, maana Kiarabu hakina p wala ch wala v, na irabu zake tatu hazitoshi irabu tano za Kiswahili. Ina udhaifu pia. Washairi wa Mombasa, Lamu na Pate waliandikiana kwa hati hiyo na kuelewana, na baadaye Mwalimu Sikujua wa Mombasa aliweza kwa hati hiyo kumhifadhia W. E. Taylor mashairi ya Muyaka bin Haji. Kilichomsumbua Steere si upungufu wa hati peke yake. Ni kwamba hati ile ilidai msomaji anayeijua lugha tayari, ilhali wasomaji wake walikuwa ndio kwanza wanajifunza. Kwa mara nyingine tena, mtoto wa Kiyao ndiye aliyeamua.

Steere alikuwa amerudi Uingereza mwaka 1868, na huko ndiko alikosimamia uchapaji wa vitabu vyake. Mwaka 1872 akaenda tena Unguja, mwaka ule ule ambao tufani kubwa iliangusha mikarafuu na kubomoa majengo ya misheni. Tozer alikuwa amedhoofika kwa maradhi, akajiuzulu. Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash alitia saini mkataba na Waingereza, na soko la watumwa likafungwa. Kiwanja cha Mkunazini kikaingia mikononi mwa misheni, na siku ya Krismasi ya mwaka huo huo likawekwa jiwe la msingi la kanisa. Mwezi Agosti 1874 Steere aliwekwa wakfu kuwa askofu katika kanisa la Westminster Abbey, akarudi kujenga.

Kwa jengo lile alikuwa mchoraji, msimamizi na fundi mkuu. Paa lake ni kuba la saruji iliyochanganywa na matumbawe yaliyopondwa, na wengi walitabiri kwamba litaanguka. Halikuanguka. Husimuliwa pia kwamba nguzo kadhaa zilisimamishwa juu chini wakati askofu alipokuwa safarini, naye aliporudi akaziacha zilivyo. Wageni huonyeshwa nguzo hizo hadi leo. Ibada ya kwanza ndani yake ilifanywa Krismasi ya 1877. Madhabahu, kwa mapokeo ya Kanisa hilo, yamewekwa pale ulipokuwapo mti wa kuchapia watumwa. Hata kabla ya kuta kusimama, Steere alikuwa akihubiri papo hapo kwa Kiswahili katika banda la udongo, na waliomsikiliza walikuwa zaidi Waislamu wa mji waliokuja kumpima lugha na hoja. Hadhira ya namna hiyo haimsamehe msemaji kosa la upatanisho.

Mwaka 1875 alisafiri kwa miguu hadi kwa Mataka, mtawala wa Wayao, na mwaka uliofuata akaongoza msafara wa watu waliokombolewa kutoka Unguja kupitia Lindi. Nia ilikuwa kuwarudisha karibu na nchi ya Nyasa. Wengi wao waliona Masasi panafaa, wakakaa. Mji huo wa Masasi ni jambo kubwa katika historia ya uenezi wa Kiswahili kuliko wanavyolihesabu waandishi wengi. Desturi imekuwa kuwataja wafanyabiashara wa misafara, kisha utawala wa Kijerumani, kana kwamba kati yao hakuna kitu. Watu wa Masasi walirudi bara wakiwa na Kiswahili cha Unguja, vitabu vilivyopigwa chapa Unguja, na shule. Walikuwa wametolewa bara na biashara ya watumwa wakiwa na lugha moja moja, wakarudi wakiwa na lugha ya pamoja. Miongoni mwa wale watoto watano wa Sultani Majid, John Swedi alipata ushemasi mwaka 1879.

Wakati huo wote tafsiri ya Agano Jipya iliendelea. Ugumu wake mkuu haukuwa sarufi bali istilahi. Maneno kama imani, dhambi, rehema, neema, nabii na malaika yalikuwa kinywani mwa Waswahili tayari, na yaliletwa huko na Uislamu. Mtafsiri alikuwa na njia mbili: ayatumie maneno hayo, akijua kwamba msikilizaji atayaelewa kwa maana aliyoizoea msikitini, au ayakwepe kwa kubuni mengine ambayo hakuna atakayeyaelewa mpaka afundishwe. Tafsiri ya Unguja ilishika njia ya kwanza. Katika miaka ya 1930 Karl Roehl, Mjerumani, aliijaribu ya pili katika Biblia yake iliyotoka kamili mwaka 1937, akipunguza maneno ya asili ya Kiarabu na kuyainua ya Kibantu. Jitihada ya Roehl ilikuwa na wafuasi wake, lakini haikuyang'oa maneno yaliyokwisha kuota mizizi. Anayesema kwamba Kiswahili cha Wakristo ni lugha nyingine mbali na cha Waislamu na asome kurasa mbili za tafsiri ya Unguja. Ataona kwamba wameazima katika duka moja.

Steere alifariki Unguja mwezi Agosti 1882, siku chache tu baada ya kurejea kutoka Uingereza, akazikwa ndani ya kanisa lake nyuma ya madhabahu. Mwezi uliofuata Masasi ilishambuliwa na Wangoni waliojulikana huko kama Magwangwara. Agano Jipya lilitoka London mwaka 1883. A. C. Madan aliendeleza sarufi na kutunga kamusi zake za 1894 na 1903, na kamusi za Madan ndizo zilizokuwa msingi wa zile za Frederick Johnson.

Mombasa, kwa upande wake, haikukaa kimya. Krapf alifika huko mwaka 1844, miaka ishirini kabla ya UMCA kufika Unguja. Sarufi yake ilitoka 1850 na kamusi yake 1882, naye alikiona Kiswahili cha kaskazini kuwa bora kuliko cha Unguja. Taylor alishikilia hivyo kwa nguvu zaidi. Kimvita kilipata Agano Jipya lake mwaka 1909 na Biblia kamili mwaka 1914. Kwa hiyo ulipokutana mkutano wa Mombasa mwaka 1928, Meinhof akiwa miongoni mwa waliohudhuria, palikuwa na mashindano ya kweli, na wamishenari wa Mombasa waliipinga rai ya kuchagua Kiunguja. Walishindwa. Kamati ya Lugha ya nchi nne za Afrika Mashariki iliyoanza kazi Januari 1930 ilianza na Kiunguja mkononi.

Ni desturi kwa wataalamu wa Kenya kulaumu uamuzi huo, na Shihabuddin Chiraghdin na Mathias Mnyampala walieleza vizuri mwaka 1977 jinsi hazina ya lahaja za kaskazini ilivyosahauliwa. Lawama hiyo ina haki yake: lugha ya Muyaka, yenye mato, ndia na mtele, haikustahili kugeuzwa kuwa makosa ya mtihani. Hata hivyo haifai kumbebesha Steere mzigo wa watu wa 1928. Yeye aliandika wazi juu ya jalada kwamba alieleza lugha ya mji mmoja. Walioliondoa jina la mji huo na kuliweka neno sanifu walikuja miaka arubaini na sita baada ya kuzikwa kwake. Wala hawakuchagua kwa sababu ya vitabu vyake peke yake, maana misafara ilikuwa imekwisha kukipeleka Kiunguja hadi Kongo. Lakini kamati inayotaka kuchapisha vitabu vya shule upesi huipenda lahaja iliyo na sarufi, kamusi na Biblia mezani.

Watafsiri wa pande hizo mbili waliketi pamoja hatimaye. Agano Jipya la muungano, lililokusudiwa kusomwa na watu wa Unguja na wa Mombasa sawia, lilitoka mwaka 1950 na Biblia kamili mwaka 1952. Humo mna macho, wala si mato. Njia, wala si ndia.